Kabla mfupa wa pili haujavunjika

Kazi yangu ni kupima migongo ya watu nisiowajua. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa ubavu hufunguka kwenye skrini, jina limeondolewa, tarehe imefichwa, imebaki namba ya mshiriki peke yake. Naanza na pingili ya nne ya kifua, nashuka moja moja hadi ya nne ya kiuno. Kila pingili naiwekea nukta sita: mbili mbele, mbili katikati, mbili nyuma. Kompyuta inanipa urefu wa sehemu hizo tatu, lakini hukumu ni ya jicho. Pingili iliyopungua urefu kwa 20 hadi 25% ni daraja la kwanza, 25 hadi 40% ni daraja la pili, na ikizidi 40% ni daraja la tatu. Utaratibu huu uliwekwa na Harry Genant na wenzake wa San Francisco mwaka 1993, na tangu hapo majaribio mengi ya dawa za mifupa yameutegemea.

Sijui kama mwenye mgongo ule amepewa dawa au kidonge kisicho na dawa ndani yake. Katika utafiti wetu sijui hata picha ipi ilitangulia. Inabidi iwe hivyo, kwa sababu mtu anayetamani dawa ifanye kazi huanza kuziona pingili kuwa nzima hata pale ambapo hazikuwa nzima, na mimi natamani sana dawa ifanye kazi.

Watu wakisikia natafiti osteoporosisi, ugonjwa unaodhoofisha mifupa hadi ivunjike kwa urahisi, swali la kwanza huwa ni kuhusu maziwa na vidonge vya kalsiamu. Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa kila mwenye mzazi aliyevuka miaka 50, ningesema hili: mtu mzima akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, akiwa amesimama tu au anatembea, na mfupa ukavunjika, usiishie kusema ameteleza. Kuteleza kumetokea, ni kweli, lakini mfupa wenye afya kwa kawaida huhimili mwanguko wa namna hiyo. Mfupa ule ulikuwa umeshadhoofika, na mifupa mingine yote iliyobaki mwilini imeishi miaka ile ile, katika damu ile ile, kwa homoni zile zile. Plasta ikitolewa mkononi, nyonga bado inasubiri zamu yake.

Hili si suala la watu wachache. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Kimataifa la Osteoporosisi ni kwamba, baada ya umri wa miaka 50, mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano watavunjika mfupa kwa sababu ya ugonjwa huu. Nyonga ndiyo inayoogopwa zaidi, na kwa haki: kati ya wazee wanaovunjika nyonga, takriban mmoja kwa kila watano, na katika takwimu nyingine zaidi ya hapo, hawamalizi mwaka. Wengi wa wanaopona hawarudii mwendo waliokuwa nao.

Mgongo, hata hivyo, ndio ulionivuta mimi, kwa sababu huvunjika kimya kimya. Takriban theluthi mbili ya pingili zinazovunjika hazigunduliki wakati zinapovunjika. Hakuna anguko, hakuna gari la wagonjwa. Mtu ameinama kuinua kitu, akasikia maumivu, akalala siku mbili tatu, akaamka. Pingili imebonyea upande wa mbele, haitarudi kimo chake, na hakuna aliyejua. Mwaka unaofuata inabonyea nyingine. Nguo inaanza kuwa ndefu, mbavu zinakaribia nyonga, tumbo linasukumwa mbele, pumzi inakuwa fupi, na watu wa nyumbani wanasema mama amezeeka.

Namkumbuka mshiriki mmoja aliyekuja kupimwa kabla ya kuandikishwa. Aliniambia urefu wake kwa uhakika kabisa, urefu alioujua tangu ujana. Nilipomsimamisha kwenye kipimo, zilikosekana sentimita tano. Akaniambia kipimo chetu ni kibovu. Nikampima tena, kisha nikamwonyesha picha: pingili mbili za katikati ya mgongo, moja daraja la pili, nyingine daraja la tatu. Akanyamaza, akaiangalia kwa muda, halafu akasema, "Mwanangu, basi ni ile siku niliyoinua ndoo." Alikuwa ameibeba siku ile kwa miaka bila kuijua jina lake. Mtu akishapungua zaidi ya sentimita nne kutoka urefu wake wa ujanani, mimi sihitaji kusikia malalamiko ya maumivu ndipo niombe picha ya mgongo.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, maana bila hilo dawa zinabaki kuwa majina tu. Mfupa ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli zinazoitwa osteoklasti hujishikiza kwenye uso wa mfupa, humwaga asidi, huyeyusha madini na kuacha kishimo. Kazi hiyo huchukua wiki chache. Zikiondoka, huja osteoblasti, ambazo hutandaza kolajeni, protini ya nyuzi, kwenye kile kishimo na kisha madini ya kalsiamu na fosfeti hujikusanya juu yake. Kazi hiyo huchukua miezi. Kwa mtu mzima takriban 10% ya mifupa yake hubadilishwa namna hii kila mwaka. Tatizo limo katika tofauti hiyo ya mwendo: mashimo yakichimbwa mengi kwa wakati mmoja, wajenzi hawawahi.

Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayowashika mkono wabomoaji wasizidishe kazi. Hedhi inapokoma, mkono huo unaachiwa, na ndani ya miaka michache ya mwanzo mfupa hupotea kwa kasi. Fuller Albright wa Boston aliliona hili mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipogundua kwamba wanawake waliomjia wakiwa na pingili zilizobonyea walikuwa karibu wote wamekwisha kukoma hedhi. Wanaume pia hulindwa na estrojeni, ambayo miili yao huitengeneza kutokana na testosteroni, na ndiyo maana nao huugua, ila kwa kawaida wakiwa na umri mkubwa zaidi. Na kuna wanaougua kabla ya uzee kwa sababu ya dawa. Prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, ikitumiwa kwa miezi huharibu mifupa ya kijana wa miaka 30 bila kumwonea haya.

Ndani ya pingili hakuna mfupa mgumu mtupu. Kuna vijiti vyembamba vilivyoungana kama wavu, na nguvu ya pingili inatokana na maungio yale. Kijiti kikipungua unene kinaweza kunenepa tena. Kikikatika kabisa, ni vigumu sana kukiunganisha. Ndiyo maana nina haraka. Kila mwaka unaopita kati ya mfupa wa kwanza kuvunjika na siku mgonjwa anapopewa dawa ni mwaka wa vijiti kukatika.

Kuhusu kipimo: mashine ya DEXA, inayopima wingi wa madini ya mfupa kwa eksirei, ilianza kutumika mwaka 1987, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaweka mstari unaotumika hadi leo. Mwanamke ambaye wingi wa madini kwenye mifupa yake uko mikengeuko sanifu (kipimo cha kitakwimu cha umbali kutoka wastani) 2.5 au zaidi chini ya wastani wa wanawake vijana wenye afya, ana osteoporosisi. Kati ya 1 na 2.5 chini ya wastani, anaambiwa mifupa imepungua lakini bado haijafikia ugonjwa. Mstari ule ulisaidia sana, lakini umezaa kosa moja linaloniumiza kila ninapolikuta. Mgonjwa amevunjika, amepimwa, amepata 2.1 chini ya wastani, na ameambiwa aende nyumbani, hana ugonjwa. Mfupa umeshasema, namba inaaminiwa kuliko mfupa! Ukweli ni kwamba wengi wa wanaovunjika wako katika kundi hilo la katikati, kwa sababu ndilo kundi lenye watu wengi. Ian Reid na wenzake wa Auckland, New Zealand, walilichukulia hilo kwa uzito. Waliandikisha wanawake 2,000 wa miaka 65 na kuendelea wenye mifupa ya kundi la katikati, wakawapa asidi ya zoledroniki, dawa ya kuzuia mfupa kubomolewa, kwa mshipa kila baada ya miezi 18 au dripu isiyo na dawa, wakawafuatilia kwa miaka sita. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha hatari ya kuvunjika imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hata FRAX, kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mfupa kilichotoka chuo kikuu cha Sheffield mwaka 2008, kinauliza umri, mfupa uliowahi kuvunjika, nyonga ya mzazi, sigara, pombe na prednisoloni, na kinaweza kutoa jibu bila DEXA kabisa. Pale ambapo mashine haipatikani, hakuna sababu ya kukaa bila kufanya chochote.

Dawa hizi zina historia ninayoipenda. Miaka ya 1960 Herbert Fleisch, mtafiti wa Uswisi, alikuwa akiuliza swali lililoonekana la ajabu: kama damu na mkojo vina kalsiamu na fosfeti za kutosha, kwa nini mwili wote haugeuki jiwe? Akapata kwamba kuna kizuizi, pairofosfeti, inayozuia madini kuganda. Jamaa zake kikemia walikuwa tayari wanatumika viwandani kuzuia ukoko wa chokaa kwenye mabomba ya maji. Lakini pairofosfeti ikimezwa huvunjwavunjwa na vimeng'enya. Fleisch, pamoja na Graham Russell na wenzao, wakatafuta kemikali inayofanana nayo isiyovunjika, wakazipata bisfosfoneti, na mwaka 1969 wakachapisha kwamba zinazuia mfupa kuyeyushwa. Kuanzia hapo hadi mojawapo, alendroneti, kuidhinishwa Marekani mwaka 1995 ni miaka 26. Mwaka 1996 jaribio lililoongozwa na Dennis Black, la wanawake 2,027 ambao pingili zao zilikuwa zimeshavunjika, likaonyesha kwamba alendroneti ilipunguza pingili mpya kuvunjika kwa karibu nusu, na nyonga vilevile. Waliosoma picha za wale wanawake walifanya kazi hii hii ninayoifanya, pingili moja moja.

Kisha hofu ikaingia. Zikaripotiwa kesi za mfupa wa taya kufa na za fupa la paja kuvunjika katikati kwa namna isiyo ya kawaida kwa watu waliotumia bisfosfoneti kwa muda mrefu. Kesi hizo ni za kweli na ni chache mno zikilinganishwa na nyonga zinazookolewa, na ndizo zilizotufundisha kumpumzisha mgonjwa baada ya miaka mitano ya vidonge ikiwa hatari yake imeshuka. Lakini habari za madhara zilienda mbali kuliko habari za faida, na matumizi ya dawa yakaanguka. Nakutana na watu waliovunjika nyonga wakiwa na pakiti ya alendroneti ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mtu fulani aliwatisha.

Denosumabu, sindano ya kila miezi sita iliyoidhinishwa mwaka 2010, inafanya kazi kwa njia nyingine: inaukamata ujumbe unaowaita wabomoaji kabla haujawafikia. Inafanya kazi vizuri sana. Ila haijifichi ndani ya mfupa kama bisfosfoneti. Ukiiacha tu bila kufuatiwa na dawa nyingine, wabomoaji hurudi kwa kishindo, na tumeona watu wakivunjika pingili kadhaa ndani ya miezi michache. Picha hizo nazitambua hata kabla sijaweka nukta. Kwa maoni yangu sindano ya kwanza ya denosumabu haipaswi kuchomwa mpaka iwe imeandikwa ni nini kitafuata siku ya kuiacha.

Na ile ya karibuni zaidi, romosozumabu, ilitokana na familia chache za Afrika Kusini zenye ugonjwa adimu unaofanya mifupa kuwa minene kupita kiasi hadi kubana mishipa ya fahamu ya kichwani. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba wanakosa protini inayoitwa sklerostini, ambayo kazi yake ni kuwapunguza mwendo wajenzi. Dawa inaizuia protini hiyo kwa mwaka mmoja tu. Watu walioumizwa na mfupa mwingi ndio waliotuonyesha jinsi ya kuwasaidia wenye mfupa mchache, na nadhani wanastahili kushukuriwa kila dawa hii inapotajwa.

Sasa kalsiamu. Mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa waliwapa kalsiamu na vitamini D wanawake wazee sana waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, watu wasioliona jua, na nyonga zilizovunjika zikapungua kwa 43%. Faida ilikuwa ya kweli kwa waliopungukiwa. Lakini jaribio kubwa la Marekani, lililowapa vitamini D watu zaidi ya 25,000 ambao hawakuchaguliwa kwa upungufu wala kwa mifupa dhaifu, halikupunguza mivunjiko yoyote. Matokeo yake ya mifupa yalitoka mwaka 2022. Na kule Keneba, Gambia, wajawazito waliozoea kula kalsiamu kidogo walipewa kalsiamu nyingi ya vidonge, na baada ya kujifungua na kunyonyesha mifupa yao ya nyonga ikawa na madini machache kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Mwili ulikuwa umejizoeza kubana matumizi, na vidonge vikauvuruga. Kwa hiyo jibu langu kuhusu maziwa ni kwamba kula vya kutosha, tibu upungufu ukiwepo, na usidhani kidonge cha kalsiamu ni tiba ya mfupa uliokwisha kuvunjika. Sicho.

Mazoezi yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani, ilimradi yawe mazito. Belinda Beck na wenzake wa Australia waliwanyanyulisha vyuma wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa hafifu, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, wakisimamiwa kwa karibu. Baada ya miezi minane madini ya kiuno yalikuwa yameongezeka kwa 2.9%, huku kundi la mazoezi mepesi likipoteza. Neno la kulishika hapo ni kusimamiwa. Mtu mwenye pingili zilizobonyea asijifundishe kunyanyua vyuma peke yake kwa kutazama video.

Niseme jambo ambalo sisi watafiti hatupendi kulizungumza hadharani. Kwa miaka mingi daktari wa Japani, Yoshihiro Sato, alichapisha majaribio ya kuzuia nyonga kuvunjika kwa waliopooza na wenye ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mwili. Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Alison Avenell wa Aberdeen, Uskoti, aliyekuwa akikusanya majaribio yote ya vitamini D, aliona namba zikijirudia kwa makundi ambayo hayakupaswa kufanana. Yeye na Mark Bolland, Andrew Grey na Greg Gamble wa Auckland wakachambua majaribio 33 ya Sato na mwaka 2016 wakachapisha kwamba namba zile haziwezi kuwa zimetokea kwa bahati. Majarida yakaanza kuondoa makala zake, kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Kufikia hapo miongozo na mapitio yalikuwa yameshazitegemea, na wagonjwa halisi walikuwa wameshaandikishwa katika majaribio mengine yaliyojengwa juu yake.

Kazi ile iliwachukua Avenell na wenzake miaka. Waliifanya kwa sababu nyuma ya kila namba ya nyonga kuna mtu aliyelala chini akisubiri kuinuliwa, na mwenye kubuni namba anamfuta mtu huyo. Kwangu kazi yao ni sawa na ugunduzi wa dawa. Ndiyo maana katika utafiti wetu picha husomwa na watu wawili wasiozungumza, na tukitofautiana huitwa wa tatu, hata kama inatuchelewesha.

Kinachonikera ni kwamba dawa tunazo, vipimo tunavyo, na bado wengi wa wanaovunjika mfupa wa kwanza hutoka hospitali wakiwa wametibiwa mvunjiko tu. Daktari wa mifupa ameunga, ameona kazi yake imekwisha. Daktari wa kawaida hajaambiwa. Glasgow walilitatua hili tangu mwaka 1999, Alastair McLellan na wenzake, kwa njia isiyohitaji ugunduzi wowote: wakamweka muuguzi ambaye kazi yake ni kumtafuta kila mtu wa miaka 50 na kuendelea aliyekuja na mfupa uliovunjika, kumpima, kumwanzishia matibabu na kumfuatilia. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Osteoporosisi likaanzisha mpango wa kuusambaza utaratibu huo duniani. Ningeambiwa nichague kati ya dawa mpya na muuguzi wa namna hiyo katika kila hospitali, ningemchagua muuguzi.

Katika utafiti wetu tuna sehemu ndogo ya kazi hiyo. Nikikuta pingili ya daraja la pili au la tatu, hata kama sijui ni ya nani, mratibu hufungua jina na kuandika barua. Zamani barua ilikwenda kwa daktari peke yake. Nilibishana kwa muda mrefu hadi ikakubalika, na kamati ya maadili ikapitisha, kwamba nakala iende kwa mshiriki mwenyewe, kwa lugha nyepesi, na picha yake yenye mshale. Mtu aliyehitaji kujua mgongo wake umevunjika kuliko wote ni mwenye mgongo.

Barua haimwambii atumie dawa gani. Inamwambia mfupa umevunjika na kwamba ndani ya mwaka mmoja baada ya pingili kuvunjika, takriban mtu mmoja kati ya watano huvunjika nyingine, kwa hiyo asisubiri. Inamwomba aende na maswali yaliyoandikwa: je, kuna ugonjwa mwingine unaoila mifupa yangu, wa tezi, wa figo, au saratani ya uboho? Vitamini D yangu ikoje? Kuna dawa ninayotumia inayodhoofisha mifupa? Nitaanza na ipi, kwa miaka mingapi, na baada yake nini? Na kama ni sindano ya kila miezi sita, ni nani kati yetu atakayeishika tarehe ya ile inayofuata?